Kata Langoni kwa Marieta

Kama umewahi kupita Balangdalalu siku ya mnada ukasikia mwanamke anacheka upande wa pili wa soko, ukageuka kuangalia kumetokea nini, basi Marieta umeshamfahamu. Hakuna kilichotokea. Labda mbuzi amepiga chafya, au mtu amepima kofia ikamzama hadi puani. Marieta hahitaji sababu kubwa. Alipoolewa kutoka Dongobesh, mama mkwe wake alimchunguza wiki nzima, kisha akamwambia mwanawe kwamba ng'ombe waliolipwa mahari hawakupotea bure, ila nyumba haitalala kimya tena.

Na huyu huyu, amini usiamini, ndiye mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Anna. Katekista Nikolausi, mtu mwembamba asiyecheka hata akifurahi, alishamwonya mara nyingi kwamba litania siyo mahali pa kukohoa kohoa kwa kuzuia kicheko. Marieta huitikia, "Nisamehe, Mwalimu," huku mabega yakiendelea kutikisika. Lakini wakati wa kuchagua viongozi, akina mama walimchagua yeye, kwa sababu ndiye anayekumbuka nani mgonjwa, nani amejifungua na nani amenuniwa na shemeji yake.

Mwaka huu Majilio yalipokaribia, Padre alisema kanisani kwamba kipindi hiki siyo cha kukimbizana na nguo za sikukuu na mchele wa pilau. Ni cha kungoja, na anayengoja mgeni mkubwa hungoja akisali, baba na mama na watoto pamoja. Waumini waliitikia, wakatoka, wakaenda kuulizana bei ya mchele. Marieta peke yake ndiye aliyefika nyumbani na kutoa amri. Kila jioni, mifugo ikishaingia zizini, simu zote zitawekwa ndani ya sufuria kubwa na kufunikwa, familia ikae mezani isali rozari.

Watoto walikubali. Violeth, aliyekuwa amefunga shule, yuko kidato cha tatu, aliiaga simu yake kama anayesafirisha ndugu. Joakimu wa darasa la pili hakuwa na simu, lakini alipenda sana kazi ya kufunika sufuria. Jioni ya kwanza, katikati ya fumbo la pili, sufuria ilianza kuimba na kucheza yenyewe juu ya kabati. Marieta alijitahidi kuendelea na Salamu Maria. Alifika "umejaa neema" na hapo akaanguka juu ya meza kwa kucheka, watoto nao wakamfuata, na fumbo la pili hilo sijui kama mbinguni lilihesabiwa.

Aliyekosekana mezani ni mwenye nyumba. Modest ni dereva wa trekta, na dereva wa trekta wakati mvua za kwanza zimenyesha Hanang anabembelezwa kuliko bibi harusi. Kila mtu anataka shamba lake lilimwe leo. Jioni Modest alirudi na vumbi hadi kwenye kope, akanawa, akachukua kigoda na simu yake na kutoka nje.

"Baba Violeth, tunasali," Marieta alimwambia.

"Salini. Mimi nawalindia zizi."

Kwamba zizi lilikuwa na mbwa wawili wakali, hilo hakulitaja mtu.

Sasa niseme wazi, maana Marieta mwenyewe angesema: moyo wake ulikuwa unamuuma. Ana kicheko, lakini ana moyo pia. Modest hakuwa mlevi wala mkorofi. Kanisani alikwenda Jumapili, akasimama nyuma karibu na mlango, akaondoka na baraka ya mwisho. Lakini watoto wake walijua sauti ya baba yao akimfokea ng'ombe, akibishana mpira, akiita fundi wa trekta kwa simu. Akisali, hawakuijua. Violeth alikuwa amebakiza muda mfupi tu nyumbani kabla maisha hayajamchukua, na Marieta aliona mtoto ataondoka na sanduku, godoro na kila kitu isipokuwa sauti hiyo. Alichokitaka Noeli hii ni kimoja tu: watoto wamsikie baba yao akimwomba Mungu, japo mara moja.

Alijaribu kumbembeleza. Akamtilia sukari ya ziada kwenye chai. Mwishowe akamkabili mbele ya akina mama wa jumuiya, nje ya kanisa, akidhani aibu itasaidia. Modest hakuaibika hata kidogo. Aliweka mikono kiunoni.

"Jumuiya ni ya akina mama," alisema. "Nani asiyejua? Siku nitakayokuta uwanja umejaa wanaume wamekuja kusali, mimi sitakaa tu. Nitasimama mbele niongoze sala mwenyewe. Na mnisikie wote!"

Walimsikia. Wakapiga vigelegele, Modest akapanda trekta yake akiwa na amani kabisa, kwa kuwa wanaume wa upande ule kujaa kwenye jumuiya lilikuwa jambo ambalo hata Nikolausi alikuwa ameacha kuliombea.

Siku chache kabla ya zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwake, Marieta alionyeshwa na Violeth picha kwenye simu. Ilikuwa duara la majani mabichi, limefungwa utepe, limetundikwa mlangoni kwa watu.

"Hili ni taji, mama. Wenzetu wanangojea Noeli nalo. Kama lile la kanisani lenye mishumaa."

Marieta alilipenda hapo hapo. Akapanda gari kwenda Katesh, dukani kwa Rukia, ambaye babu yake alikuja kutoka Kondoa na vitambaa vya kuuza, na familia haijawahi kuondoka tena. Rukia na Marieta ni mashoga wa miaka mingi. Mmoja hucheka na mwingine humchekesha.

"Nataka mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi," Marieta alisema.

"Mama Violeth, ninayo myeupe, ya umeme ukikatika. Ya rangi ni ya nini, unaolewa tena?"

"Ya kungojea Noeli. Kila Jumapili tunawasha mmoja, unaongezeka mwingine."

Rukia akafikiri. "Si muwashe yote siku moja, mmalize kungoja?"

Marieta ilibidi ashike meza ya duka. Mteja aliyekuwa anachagua shuka alitoka nje kwanza mpaka kelele zipungue. Rukia akamfungia mishumaa myeupe, akakata utepe mpana wa zambarau kutoka kwenye robota na kuutupia juu yake. "Huu zawadi. Sisi tunangoja mwezi uandame, nyie mnangoja mshumaa uishe. Kungoja ni kungoja tu. Nenda kasali, na uniombee wateja wanaolipa."

Jumamosi ya zamu yenyewe mama na watoto walikata matawi ya mkrismasi kwenye ua wa kanisa, kwa ruhusa, wakayasuka duara zuri, nene, la kijani, wakalifunga utepe wa Rukia. Mishumaa ilisimama vizuri mezani kwenye sahani yenye mchanga. Lakini taji lenyewe lilikuwa kubwa kuliko meza. Wakaanza kujadiliana.

"Kanisani linakaa mbele ya watu wote," alisema Joakimu.

"Na nyumbani mbele ni wapi?" Marieta akauliza, akajijibu mwenyewe. "Ni langoni!"

Akalitundika kwenye nguzo ya lango, pale panapoonekana na kila apitaye barabarani. Akarudi nyuma hatua kadhaa kulitazama, akapiga makofi.

Hapa inabidi nikupeleke ng'ambo ya korongo, kwa Kornelia, kwa sababu Marieta mwenyewe huko hakuwahi kupita, na mwenyekiti wa jumuiya anayepita huko kila mara huulizwa maswali. Kornelia ni mpika pombe. Anapika pombe ya mtama ambayo wazee husema inanyoosha mgongo, kisha wakainuka wakiwa wamepinda zaidi. Zamani wateja walimsumbua kila siku kuuliza kama imeiva. Akabuni alama. Alisuka kata ya majani mabichi, ile ya kubebea mtungi kichwani, na siku pombe ikiwa tayari aliitundika langoni. Maana yake kila mwanaume aliijua: mtungi umeshatuliwa, njooni. Ikinyauka, imekwisha. Alama hii ilifanya kazi kuliko tangazo la redio. Wanaume wote wa pande zile waliijua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumweleza mke wake.

Sasa piga picha. Jumamosi alasiri, mashamba yamelowa, trekta ziko mbali, wanaume wamekaa. Na langoni kwa Marieta, kwenye barabara kuu kabisa, kuna kata mbichi, kubwa mara tatu ya ile ya Kornelia, tena ina utepe.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee Patriki, katika koti lake refu.

"Hodi!"

"Karibu! Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeona pale langoni. Ndiyo leo?"

"Ndiyo leo, baba!" Marieta nusura amkumbatie. Tangu aolewe hajawahi kumwona mzee Patriki kwenye jumuiya. "Mmeona kumbe! Karibu ukae, wengine wako njiani."

"Nilijua watakuja. Ile ya utepe, lazima ni ya asali."

Marieta hakuelewa asali imeingiaje, lakini mzee ni mzee. Akaona kibuyu kidogo kinachungulia ndani ya koti la Patriki, na moyo wake ukaruka. Maskini mzee wa watu, amekuja na chombo cha maji ya baraka! Alikimbia jikoni kumwambia Violeth.

Wakaja wawili pamoja, wakavua kofia. Akaja mwingine na kikombe cha bati. Akaja mwenye mashine ya kusaga, unga bado uko kwenye nyusi. Kila aliyeingia aliamkia kwa adabu kubwa, akatafuta kivuli, akakaa, akatulia, macho yakielekea jikoni. Viti vikaisha, wakaletewa benchi, benchi likajaa, wakakalia magogo. Marieta alikuwa anakimbia huku na kule kama kuku anayetaka kutaga. "Karibuni sana! Mungu ni mwema!" "Ni mwema, mama," waliitikia wote kwa moyo, na mmoja akaongeza kwamba Mungu kweli ameikumbuka barabara hii, maana ng'ambo ya korongo ni mbali.

Akina mama wa jumuiya walipofika na rozari zao walisimama langoni midomo wazi. Nikolausi, kitabu kwapani, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Uwanja ulikuwa umejaa wanaume.

"Mama Violeth," alinong'ona, sauti ikitetemeka, "umefanya nini?"

"Nimetundika taji tu, Mwalimu!"

Na Nikolausi, yule asiyecheka hata akifurahi, alitabasamu. Watu walioliona tabasamu hilo wanalizungumzia hadi leo.

Halikudumu. Kutoka barabarani ilisikika sauti ya Kornelia kabla hajaonekana mwenyewe. Aliingia na kitenge kimekazwa kiunoni, akapita katikati ya watu, akamsimamia Marieta.

"Mwenyekiti! Tangu lini umeanza kupika? Mimi nimekaa na mitungi yangu imeiva, inzi ndio wateja, kumbe wewe umetundika kata langoni, tena kata ya utepe! Kanisa lako halikutoshi, unataka na pombe yangu?"

Marieta alimtazama Kornelia. Akatazama lango. Akatazama kikombe cha bati, unga kwenye nyusi, na kile kibuyu kitakatifu cha mzee Patriki, ambacho sasa kilikuwa kinarudi taratibu ndani ya koti.

Mabega yakaanza. Alijaribu kuzuia, Mungu ni shahidi, alikamata kanga akajiziba mdomo. Haikuwezekana. Alicheka mpaka akakaa chini, akacheka mpaka akina mama wakashikana, akamnyooshea kidole mzee Patriki na kusema, kwa shida, "Nilidhani... maji ya baraka!" Hapo hata Kornelia alishindwa, akaangukia benchi kati ya wateja wake.

Wanaume waliinuka. Kila mmoja ghafla alikuwa na ng'ombe wa kuangalia. Na Marieta, machozi ya kicheko yakiwa bado mashavuni, aliwaona wanaondoka, kicheko kikamkauka. Kwa muda mfupi tu alikuwa nacho alichokiomba, na sasa kilikuwa kinachukua kofia zake na kwenda.

Ndipo trekta ilipozimwa nje. Huko shambani Modest alikuwa ameambiwa kwamba mke wake amefungua kilabu. Aliacha matuta katikati. Aliingia langoni mbio mbio, akakuta wanaume uwanja mzima, wamesimama, kofia mikononi, mbele yao Nikolausi na kitabu, akina mama na rozari.

Modest akasimama.

Akina mama wakamtazama. Halafu mama mmoja, taratibu kabisa, akaanza kigelegele.

"Kuna nini?" aliuliza mzee Patriki.

Wakamweleza, wote kwa pamoja, yale Modest aliyoyasema nje ya kanisa akiwa na mikono kiunoni. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akarudi kwenye gogo lake, akakaa, akakunjua koti vizuri juu ya magoti.

"Jamani, kaeni," aliwaambia wenzake. "Pombe ipo kila wiki. Modest akisali hatujawahi kuona."

Wakakaa! Wote, hadi wa mashine ya kusaga. Kornelia akasema naye anabaki, maana wateja wake wote wako hapa, akauze kwa nani?

"Baba Violeth," Marieta alisema kwa sauti ndogo, "kama umechoka..."

"Nilisema," Modest akajibu. Alikuwa na jasho. Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. Nikolausi akamnyooshea kitabu, akakikataa kwa mkono. Violeth alikuwa amesimama mlangoni na kiberiti, Joakimu amemshika sketi, na wote wawili walikuwa wanamtazama baba yao usoni, hawapepesi.

Alifanya ishara ya msalaba. Akaanza Salamu Maria, ikamwishia katikati. Akakohoa. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, mzee Patriki akamgeukia, akanyamaza. Kisha Modest akaacha maneno ya kitabu, akaanza kuomba kama wazee wa Kiiraqw wanavyobariki mkutano, mstari mfupi mfupi, na wanaume, bila kuambiwa, wakaanza kumwitikia kwa mvumo wa chini kila alipopumzika.

Aliomba mvua iendelee, isije ya hasira. Wakaitikia. Aliomba mbegu zilizoko chini zisisahauliwe. Wakaitikia. Akawaombea wagonjwa, na watoto walioko barabarani kurudi nyumbani, na Violeth katika masomo yake, na Joakimu. Akamwombea hata Kornelia na mitungi yake, na Nikolausi akaona bora afumbe macho.

Ng'ombe mmoja akalia zizini.

"Na huyu mwanamke, Mungu," alisema, na sauti ikashuka, wakawa wanainama ili wasikie. "Kila usiku taa ikizimwa anakaa kitandani ananiombea. Ananitaja jina. Anadhani nimelala." Alikunja kofia. "Sijawahi kuwa nimelala. Hata siku moja. Nangoja amalize, nasema amina kimoyomoyo, ndipo usingizi unakuja. Sasa leo nasema kwa mdomo, asikie. Amina."

Mvumo wa wanaume ulipanda, ukakaa juu muda mrefu.

Ilikuwa zamu ya mwenyekiti kuitikia na kuanzisha wimbo. Watu wote walimgeukia, wakitegemea kicheko, kwa kuwa Marieta asipocheka wakati kama huo atacheka lini. Alifungua mdomo, na hakikutoka chochote. Ikabidi Violeth aanzishe.